Kutunza, Kuokoa na Kuchapa Picha za Kidijitali: Mafunzo kutoka Uwanda wa Ufipa

Msafiri apitaye katika vijiji vya Ufipa, kwenye uwanda wa juu ulioko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, bado huweza kukuta kuta zilizobomoka za udongo uliochomwa, na kando yake marundo ya mavi ya chuma. Hayo ni mabaki ya malungu, yaani tanuri ndefu ambamo Wafipa waliyeyusha mawe yenye chuma. Tanuri hizo zilipita kimo cha mtu, na hazikuhitaji mivukuto: hewa ya moto ilipopanda juu, hewa baridi iliingia yenyewe kwa matundu ya chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuri ndogo iitwayo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika.

Kazi hiyo ilififia katika karne ya 20, majembe ya viwandani yalipoenea. Mwaka 1937 R. C. H. Greig aliieleza katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1995 mwanaakiolojia Bertram Mapunda alikamilisha tasnifu yake ya uzamivu kuhusu ufuaji wa chuma kusini-magharibi mwa Tanzania. Maandishi hayo ni hazina. Hata hivyo, udongo hauishi milele. Kila msimu wa mvua humega sehemu ya ukuta, na kila mzee anayefariki huondoka na majina ya vyombo na maelezo ya kazi. Kwa hiyo picha ya ilungu inayopigwa leo huenda ikawa ndiyo shahidi wa mwisho wa ilungu hilo.

Sasa tuchukue mfano. Mwalimu wa historia wa shule mojawapo ya sekondari mjini Sumbawanga anawapeleka wanafunzi wa Kidato cha Tatu kuyaona mabaki hayo. Wanapiga picha 200 kwa simu moja. Wanampiga picha pia mzee aliyewaeleza habari za babu yake mfua chuma. Jioni, kadi ya kumbukumbu inapotiwa katika kompyuta, kioo kinaandika kwamba kadi haisomeki, na kinauliza iwapo ifomatiwe. Mwalimu ana kidole juu ya kitufe. Je, abonyeze?

Makala haya yanakusudia kumjibu mwalimu huyo. Lakini ili jibu lieleweke, yafaa kwanza tujue picha ya kidijitali ni kitu gani, imehifadhiwa wapi, na ni mambo gani yanayoidhuru katika mazingira ya Ufipa.

Picha iliyo orodha ya namba

Picha ya zamani ilikuwa kitu: chembechembe za fedha au rangi zilizolala juu ya karatasi. Picha ya kidijitali ni orodha ya namba. Mwaka 1957, huko Marekani, Russell Kirsch na wenzake waliichukua picha ya karatasi ya mtoto wake mchanga, wakaigawanya katika miraba 176 kwa 176, na kuifanya kila mraba kuwa namba katika kompyuta. Miraba hiyo, ambayo leo huitwa pikseli, ilikuwa 30,976 tu. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith walibuni kidude cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa chaji za umeme, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak, alitengeneza kamera iliyotumia kidude cha namna hiyo. Picha yake ilikuwa na pikseli 10,000, na ilichukua sekunde 23 kurekodiwa katika kaseti.

Simu nyingi za leo hutoa picha yenye pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani pikseli milioni 12. Kila pikseli huhitaji namba tatu: moja ya wekundu, moja ya ukijani na moja ya ubuluu. Iwapo kila namba ni baiti moja, picha nzima ni baiti milioni 36. Mbona basi faili lake huwa na megabaiti nne hivi? Sababu ni kwamba hufinywa kwa utaratibu uitwao JPEG, uliokubaliwa kimataifa mwaka 1992. Utaratibu huo huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na katika kila kipande hutupa mabadiliko madogo ambayo jicho la binadamu huyaona kwa shida.

Hapa pana funzo la kwanza. Kilichotupwa hakirudi. Kila mara picha inapofunguliwa, ikarekebishwa na kuhifadhiwa upya kwa JPEG, hufinywa tena na kupoteza tena. Kuitazama tu hakuidhuru, wala kuinakili hakuidhuru; kinachoidhuru ni kuihifadhi upya baada ya kuibadili. Kwa hiyo faili la asili liachwe kama lilivyo, na marekebisho yafanywe katika nakala yake. Kadhalika, picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, mara nyingi hadi karibu pikseli 1,600 kwa upande mrefu. Ukitaka mwenzio apate picha kamili, itume kama hati.

Maadui wa picha katika Ufipa

Mji wa Sumbawanga uko katika mwinuko wa mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Hali ya hewa yake ina faida kwa mtunza picha, maana joto kali ndilo huharakisha uharibifu wa vifaa vya umeme na wa rangi. Lakini ina hatari zake pia.

Ya kwanza ni umande. Usiku wa Juni au Julai joto la nje huweza kushuka hadi nyuzi 10 za sentigredi au chini yake. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20 huweza kubeba mvuke wa gramu 17 hivi. Ile ya nyuzi 10 hubeba gramu 9 tu. Tuseme mpiga picha ametoka nje usiku, akaingia na kamera iliyopoa katika nyumba iliyojaa wageni, chungu kikichemka jikoni. Ikiwa hewa ya humo ina gramu 12 za mvuke, ile inayogusa kamera hupoa, hushindwa kuubeba mvuke wote, na kutua matone juu ya lenzi na hata ndani yake. Jambo hilo hilo humpata ateremkaye asubuhi na mapema kwenda Kasanga au Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako ni chini kwa takriban mita 1,000 na hewa ni ya joto na unyevu. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuingia mahali penye joto, funga kamera au simu katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uiache humo nusu saa au zaidi hadi ipate joto. Umande utatua juu ya mfuko.

Ya pili ni vumbi. Tangu Mei hadi Oktoba uwanda huwa mkavu na upepo huvuma. Chembe za mchanga huingia katika tundu la chaji na la kadi, na huchubua lenzi. Lenzi ipulizwe kwanza, ndipo ifutwe kwa kitambaa laini cha pamba. Ukianza kwa kufuta, mchanga huwa msasa.

Ya tatu ni umeme. Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuunganishwa na gridi ya taifa, bali ilipata umeme kutoka Zambia, na wakazi wake wanajua vema maana ya taa kufifia na kuzimika ghafla. Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, huenda picha ikaandikwa nusu. Tena huenda orodha ya mafaili ikaharibika, na kadi nzima ikaonekana tupu. Hivyo basi, kazi ya kunakili picha ifanywe kwa kompyuta yenye betri iliyojaa, na kadi isichomolewe kabla ya kompyuta kuruhusu.

Ya nne ni mionzi ya jua. Nguvu ya mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Picha iliyotundikwa mahali panapopigwa na jua Sumbawanga hupauka haraka kuliko ambavyo baridi ya mji ingemfanya mtu adhani.

Watu wengine huuliza kama mwinuko wenyewe huharibu diski ya kompyuta. Swali hili si la kipuuzi. Katika diski izungukayo, kichwa cha kusomea huelea juu ya mto mwembamba sana wa hewa, na hewa ikipungua mno kichwa hugusa sahani. Watengenezaji wa diski za kawaida huweka kikomo cha mita 3,000 hivi. Sumbawanga iko salama.

Utunzaji: mali bila daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha 8,000 zinaweza kukaa katika kadi moja ya gigabaiti 32, nazo zote zikawa na majina kama IMG na tarakimu. Baada ya miaka mitano hakuna atakayejua ipi ni ipi.

Utaratibu ufuatao umetosha kwa shule na familia nyingi. Kwanza, chagua. Kati ya picha kumi za kitu kimoja, bakiza mbili zilizo bora. Pili, ziweke katika folda kwa mwaka, mwezi na tukio, ukianza na mwaka. Kwa mfano 2025-07-Malungu. Kompyuta itazipanga zenyewe kwa tarehe. Tatu, andika katika faili fupi la maneno, ndani ya folda hiyo hiyo: nani wamo, wapi, nani alipiga, na maelezo yalitolewa na nani. Kamera huandika tarehe na saa ndani ya picha yenyewe, lakini huandika ile iliyomo katika saa yake. Simu iliyoishiwa betri kwa muda mrefu huweza kurudi na tarehe ya uongo, kwa hiyo ikague kabla ya safari.

Baada ya hapo huja suala la nakala. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliieneza kanuni iitwayo 3-2-1: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mahali pengine. Katika mazingira yetu kanuni hiyo haina gharama kubwa. Nakala moja iwe katika kompyuta ya shule, ya pili katika diski ya nje au flashi iliyofungiwa kabatini, na ya tatu kwa ndugu aliyeko Mpanda au Mbeya, au katika hifadhi ya mtandaoni. Picha 200 za megabaiti nne ni megabaiti 800; ikiwa kifurushi cha intaneti hakitoshi, panda mtandaoni na zile 40 zilizo muhimu zaidi. Moto, mwizi na mvua ipenyayo paa haviwezi kufika Sumbawanga na Mbeya kwa siku moja.

Yafaa ieleweke pia kwamba flashi na kadi si makaburi ya milele. Ndani yake namba huhifadhiwa kama elektroni zilizonaswa katika vijumba vidogo vya silikoni, nazo elektroni hizo huvuja polepole, hasa penye joto. Kadi iliyosahauliwa sandukuni kwa miaka kumi huenda ikafunguka, huenda isifunguke. Kila mwaka, mathalani wakati wa likizo ya Desemba, fungua kila chombo, tazama baadhi ya picha, na baada ya miaka michache hamishia katika chombo kipya.

Tena, jihadhari na kadi bandia. Kadi iliyoandikwa gigabaiti 128 na kuuzwa kwa bei ya chai huenda ina 8 tu. Hupokea picha bila kulalamika, kisha huandika mpya juu ya za zamani. Kabla ya kuitumia, ijaze mafaili hadi ukomo, kisha jaribu kuyafungua ya kwanza na ya mwisho. Yasipofunguka, irudishe dukani.

Uokoaji: usiandike chochote

Sasa turejee kwa mwalimu wetu. Jibu ni hapana, asibonyeze. Sababu yake ni hii.

Kadi imepangwa mfano wa maktaba. Mbele pana orodha inayosema kitabu gani kiko rafu gani; nyuma pana vitabu vyenyewe. Unapofuta picha, kompyuta haichomi kitabu. Katika mfumo wa FAT, unaotumika katika kadi nyingi, hubadilishwa herufi ya kwanza tu ya jina la faili katika orodha, na rafu zake huandikwa kuwa ni wazi. Namba za picha hubaki palepale hadi siku faili jingine litakapoandikwa juu yake. Kufomati kwa haraka, kama kamera nyingi zifanyavyo, nako huandika orodha mpya iliyo tupu, pasipo kugusa sehemu kubwa ya vitabu. Kwa hiyo aliyefomati kwa bahati mbaya asikate tamaa. Lakini asiyefomati asithubutu kuanza.

Kutokana na maelezo hayo hupatikana hatua za uokoaji.

Hatua ya kwanza ni kuacha mara moja kuitumia kadi. Usipige hata picha moja ya kujaribu. Ikiwa kadi ina kigingi kidogo cha kuzuia maandishi, kisukume kifunge.

Hatua ya pili ni kuondoa sababu rahisi. Futa vibati vya shaba vya kadi kwa kitambaa kikavu, ijaribu katika kompyuta nyingine na katika kisomea kadi kingine. Mara nyingi ugonjwa uko katika tundu lenye vumbi, wala si katika kadi.

Hatua ya tatu ni kutumia programu ya uokoaji. Iko programu ya bure iitwayo PhotoRec, iliyotungwa na Christophe Grenier, inayofanya kazi katika Windows, Mac na Linux. Programu ya namna hii haitegemei orodha iliyoharibika. Husoma kadi yote tangu mwanzo, ikitafuta alama. Kila faili la JPEG huanza na baiti zenye thamani 255 na 216, na huishia na 255 na 217. Programu ikiona alama ya mwanzo, hujua kwamba hapo pana picha, nayo huikata na kuihifadhi.

Hatua ya nne, ambayo wengi huikosea, ni mahali pa kuziweka picha zilizookolewa. Ziwekwe katika diski ya kompyuta au flashi nyingine, kamwe zisirudishwe katika kadi ile ile, maana zitaandikwa juu ya zile ambazo bado hazijaokolewa. Zitatoka zikiwa na majina mapya ya tarakimu, na chache huenda zikawa zimekatika katikati, hasa zile ambazo vipande vyake vilitawanyika katika kadi.

Uokoaji una mipaka yake. Picha zilizofutwa katika kumbukumbu ya ndani ya simu za kisasa ni shida sana kurejeshwa, kwa kuwa kumbukumbu hiyo hufungwa kwa siri na rafu zilizoachwa husafishwa. Hapo tumaini ni folda ya takataka ya programu ya picha, ambayo kwa nyingi hutunza kilichofutwa kwa siku 30. Itazame kabla ya kumlipa fundi yeyote.

Simu iliyotumbukia majini izimwe mara moja, isitiwe chaji, itolewe kadi, na ikaushwe kwa hewa inayotembea, kivulini. Kuizika katika mchele hakuzidi upepo wa kawaida, tena vumbi la mchele huingia matunduni. Kadi yenyewe kwa kawaida huvumilia maji. Ikiwa imetumbukia katika Ziwa Rukwa, ambalo maji yake ni ya magadi, isuuze kwa maji safi kabla ya kuikausha, ili chumvi isile vibati.

Elimu hii ina upande wa pili. Maadamu aliyefuta hajaangamiza, anayeuza kadi au kompyuta kuukuu huuza pia picha za familia yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatukumbusha kwamba sura ya mtu ni mali yake. Kabla ya kuuza kadi, ijaze upya kwa mafaili yasiyo na maana. Na kabla ya kumpiga picha mzee wa kijijini, omba ruhusa yake, umweleze picha itakwenda wapi.

Picha za karatasi zilizokuwapo

Katika nyumba nyingi za Ufipa ziko picha za harusi, za ubatizo na za shule, zilizopigwa miaka ya 1960 hadi 1990. Zile nyeupe na nyeusi hudumu, kwa sababu zimetengenezwa kwa fedha. Za rangi nyingi zimegeuka wekundu hata zile zilizofichwa sandukuni, maana katika karatasi za wakati huo rangi ya samawati iliweza kuharibika hata gizani. Kila mwaka unaopita hupunguza kinachoweza kunakiliwa.

Skana si lazima. Laza picha mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ili irudishe mwanga. Zima flashi ya kamera: kwa kanuni ya uakisi, mwanga utokao juu kabisa ya picha ing'aayo hurudi juu, ndani ya lenzi, ambapo ule utokao ubavuni hurudi ubavu wa pili. Weka simu juu ya vitabu viwili vya kimo sawa ili iwe sambamba na picha. Piga pia upande wa nyuma, ambako aghalabu pana tarehe na majina. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue. Ipige picha kwanza ikiwa humo humo, maana ikichanika hakuna programu itakayoiunga.

Kuchapa: kanuni ya 300

Mtu huweza kuuliza: ikiwa nakala tatu zipo, kuchapa kwa nini? Jibu ni kwamba karatasi haihitaji umeme wala programu ili isomwe. Bibi aliyeko kijijini ataishika mkononi, na mjukuu wake ataikuta miaka 50 baadaye.

Jicho, kwa umbali wa kusomea, haliwezi kutenganisha nukta zilizosongamana 300 katika inchi moja. Hivyo gawanya pikseli za upande kwa 300, zidisha kwa 2.54, utapata sentimita za karatasi. Pikseli 4,000 kwa 3,000 hutosha sentimita 33.9 kwa 25.4. Picha iliyopunguzwa na kubaki pikseli 1,600 kwa 1,200 hutosha 13.5 kwa 10.2, yaani ukubwa wa albamu. Ukiilazimisha kujaza karatasi ya A4, yenye urefu wa sentimita 29.7, utapata nukta 137 tu kwa inchi, na nyuso zitakuwa na ukungu. Fundi wa steshenari hana kosa. Kosa limo katika faili aliloletewa.

Angalia pia uwiano. Simu hupiga 4 kwa 3. Karatasi ya sentimita 15 kwa 10 ni 3 kwa 2. Ili picha ijaze upana wa 15, kimo chake huwa 11.25, na sentimita 1.25 hazina budi kukatwa. Mashine isipoambiwa, hukata juu na chini sawasawa, na hapo ndipo watu warefu wa nyuma hupotea vichwa. Kata mwenyewe kabla ya kupeleka, na unapopiga, acha nafasi juu.

Jambo la tatu ni weusi wa nyuso. Kipimo cha mwanga cha kamera hukisia kwamba mandhari yote, kwa wastani, ni ya kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au anga angavu, kamera hupunguza mwanga, na uso wake hutoka kama kivuli. Kosa hili lina historia ndefu: kwa miongo mingi kadi za vipimo zilizotumwa na Kodak katika maabara za picha zilionyesha mwanamke mweupe, zikaitwa Shirley, na rangi zilipimwa kwa ngozi yake. Leo dawa imo mkononi. Gusa uso katika kioo cha simu ili kamera ipime mwanga hapo, na kabla ya kuchapa, inua sehemu zenye giza kidogo kupita unavyoona vyafaa. Kioo hung'aa chenyewe kwa nyekundu, kijani na buluu. Karatasi hutegemea mwanga wa chumba na wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Kwa hiyo picha ya karatasi daima huonekana na giza kuliko ya kioo. Chapa moja ya majaribio kabla ya kuchapa 30.

Ama kuhusu wino, uko ulioyeyuka katika maji na uko wa chembe za rangi zisizoyeyuka. Ule wa kwanza hung'aa lakini huchuruzika ukilowa na hupauka upesi. Wa pili hudumu zaidi. Picha mpya iachwe ikauke siku nzima kabla ya kuwekwa katika fremu, isiguse kioo, bali itengwe nacho kwa ukanda wa kadibodi, na itundikwe ukuta usiopigwa na jua. Nyuma iandikwe kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, ambayo hupenya.

Majaribio kwa ajili ya shule

Walimu wa fizikia na kompyuta wanaweza kuyafanya majaribio matatu bila gharama. Mosi, dondosha tone dogo sana la maji juu ya kioo cha simu kinachoonyesha ukurasa mweupe. Tone litakuwa lenzi, na wanafunzi wataona kwamba weupe umeundwa kwa nukta nyekundu, kijani na buluu. Pili, katika flashi isiyo na kitu cha maana, wekeni picha kumi, mzifute, kisha mziokoe kwa PhotoRec. Rudieni tena, safari hii mkiijaza flashi mafaili mengine baada ya kufuta, mlinganishe idadi zilizookolewa. Tatu, chapeni picha moja, mfunike nusu yake kwa kadibodi, muiweke dirishani penye jua kuanzia Agosti hadi Oktoba. Kadibodi ikiondolewa, mstari utakaoonekana utafundisha zaidi ya hotuba.

Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza kwamba juu ya maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, yamepatikana magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale miaka 476,000 iliyopita. Yalidumu kwa sababu yalizama katika udongo uliojaa maji, pasipo hewa ya kuyaozesha. Hakuna aliyeyatunza, ni mazingira tu. Picha zetu hazina bahati hiyo. Kadi iliyoachwa hujifia yenyewe, nazo picha za mwalimu wetu zitabaki ikiwa tu ataondoa kidole kwenye kitufe kile, akaziokoa, akazinakili mara tatu, na kumpelekea yule mzee moja iliyochapwa vizuri, yenye jina lake nyuma.